Fedha za Umra ya Ramadhani 2020 hazijarudishwa hadi leo: tuliolipa kutoka Mtwara na Lindi tukutane kabla muda haujatuishia

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Naandika kutoka Mikindani, nikiwa na hasira niliyoibeba tangu mwaka 2020, na kwa sababu ya hasira hiyo nimejiwekea sharti moja: sitasema hapa jambo lolote ambalo karatasi yake au ujumbe wake sina.

Januari 2020 mama yangu mzazi na mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, walimlipa wakala wa safari za Hija na Umra shilingi 3,600,000 kila mmoja, jumla shilingi 7,200,000, ili waende Umra katika mwezi wa Ramadhani. Kundi lao lilikuwa la watu kumi na mmoja, wengi wao wazee wa Mtwara mjini, Mikindani na Lindi, na safari ilipangwa kuondoka Dar es Salaam tarehe 22 Aprili. Ofisi hiyo sitaitaja kwa jina, kwa kuwa tunaandaa shauri na sitaki kumpa mtu upenyo wa kudai kwamba tumemchafua kabla ya kumfikisha mbele ya hakimu. Waliolipa pale watajitambua kwa haya ninayoyaeleza.

Nataka ieleweke kwanza fedha ile ilitoka wapi. Mama ana mikorosho Tandahimba aliyoachiwa na marehemu baba. Korosho zake za msimu wa 2018/2019 ni katika zile ambazo serikali ilitangaza Novemba 2018 kwamba itazinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na watu wa huku hatuhitaji kukumbushwa jinsi malipo yalivyochelewa, uhakiki juu ya uhakiki, hadi wengine wakaishia kwa kangomba, yaani walanguzi wa korosho, kwa bei ya kutupa ili watoto wapate karo. Mama hakuwauzia kangomba hata kilo moja, akasubiri mpaka fedha yake ilipoingia benki. Kwa bei ile, shilingi 3,600,000 ni zaidi ya kilo 1,090 za korosho ghafi, karibu magunia kumi na manne ya kilo 80, na kila korosho iliyomo ndani ya magunia hayo iliokotwa chini na mwanamke wa miaka 65 aliyeinamisha mgongo, ikanyofolewa kwenye bibo lake, ikaanikwa, ikachambuliwa, ndipo ikapelekwa ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Mama mdogo hakuwa na shamba. Yeye alikuwa akikaanga samaki na kuuza, na sehemu kubwa ya fedha yake ilitoka katika mchezo wa akina mama wa mtaani, ambao alikuwa amewaomba wampe zamu ya mwisho kwa miaka miwili mfululizo ili asishawishike kuitumia kwa jambo jingine.

Tarehe 27 Februari 2020 Saudi Arabia ikasitisha kuwapokea wageni wote wanaokwenda Umra. Wakati huo safari yetu ilikuwa imebakiza karibu miezi miwili. Machi 11 Shirika la Afya Duniani likautangaza ugonjwa wa korona kuwa janga la dunia, Machi 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza nchini kwetu, na Aprili 12 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Hakuna hata mmoja katika wale kumi na mmoja aliyelalamika kwa kufutwa kwa safari. Wazee wetu walikuwa wa kwanza kusema kwamba kwenda katika hali ile kungekuwa kujitia katika maangamizi. Tulichoomba ni fedha, kwa sababu huduma haikutolewa na ilijulikana kwamba haitatolewa.

Jibu la kwanza la wakala lilikuwa kwamba fedha zote zimeshatumika kwa viza, tiketi na hoteli. Nawaomba msome taratibu hapa, maana ndipo ulipo uongo wenyewe. Pasipoti za mama na mama mdogo zilirudishwa Mei 2020 kwa mkono wa dereva wa basi, ndani ya bahasha ya kaki, na nilizifungua mimi mwenyewe ukurasa baada ya ukurasa: zilikuwa tupu kama zilivyotoka Uhamiaji. Isitoshe, Wizara ya Hija na Umra ya Saudi Arabia ilitangaza mwanzoni kabisa mwa usitishaji kwamba ada za viza na za huduma zitarejeshwa kwa waliozuiliwa, tena kwa kupitia mawakala wa nchi zao. Kama ada ililipwa, mlango wa kuirudisha ulikuwa ni wakala huyo huyo.

Upande wa tiketi ndio ulionifanya nisilale. Karatasi tulizopewa zilikuwa na jina la abiria, tarehe, na mchanganyiko wa herufi na tarakimu sita ambao wakala aliuita namba ya tiketi. Miezi kadhaa baadaye, kijana mmoja anayefanya kazi ya kukata tiketi alinifahamisha kwamba hiyo ni namba ya kushikiliwa nafasi tu, na kwamba tiketi iliyolipiwa huwa na namba yake yenye tarakimu 13, ambazo tatu za mwanzo zinaitambulisha kampuni ya ndege. Karatasi zetu hazina namba hiyo popote. Nikamwandikia wakala kumuomba namba za tiketi za watu wetu wawili. Ujumbe ulisomwa, tiki zote mbili zikageuka buluu, na sijajibiwa mpaka leo. Kwa hoteli sitabisha sana, kwa kuwa inawezekana alikwisha kutoa arubuni, yaani malipo ya awali, kule Makka. Lakini aliyetoa arubuni ana stakabadhi, na tulimwambia kwa maandishi kwamba aionyeshe tu, tukate kiasi hicho, atupe kinachobaki. Haijaonekana.

Baada ya hapo tukaingia katika kuzungushwa. Tuliambiwa tusubiri Umra ifunguliwe ili majina yetu yawe ya kwanza. Ikafunguliwa kwa wageni wa nje Novemba 1, 2020, ila kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 50. Mama alikuwa na miaka 67. Wakala aliijua tarehe yake ya kuzaliwa kwa sababu pasipoti yake ilikaa mezani kwake kwa miezi minne, na bado akatutumia ujumbe wa pongezi kwamba milango imefunguliwa, tuongeze shilingi 850,000 kwa kila mmoja kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani ya Saudi Arabia imepanda. Ni kweli ilipanda, kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Julai 1, 2020. Lakini mtu anamdai vipi nyongeza ya kodi mteja ambaye masharti hayamruhusu kusafiri, kwa huduma aliyokwisha kuilipia kabla kodi haijapanda? Mwaka 2022 akaja na pendekezo jingine, kwamba fedha zihamishiwe kwenye Hija. Hija ya mwaka huo ilipokea watu milioni moja kwa sharti kwamba wawe chini ya miaka 65. Mama alikuwa na 69.

Kila tulipobana, tulijibiwa kwa dini. "Bi mkubwa, vuta subira, haya ni majaaliwa ya Mwenyezi Mungu, usije ukapunguza thawabu zako kwa kunung'unika." Maneno hayo aliambiwa mama kwa simu, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake barazani, na nilimwona akiinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa na kosa. Hili ndilo linaloniuma kuliko fedha yenyewe. Kufutwa kwa safari kulikuwa majaaliwa, na tulikupokea. Kubaki na mali ya mtu kasha likiwa limefungwa ni uamuzi wa mwanadamu anayeamka asubuhi, anaoga, anafungua ofisi na kupokea fedha za wateja wengine. Wamewachukua wazee wetu kwa imani yao, kisha wakaigeuza imani hiyo hiyo kuwa kufuli.

Agosti 2021 nilipanda basi la alfajiri hapa Mtwara nikaenda Dar es Salaam hadi ofisini kwao. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu nikiwaangalia akina mama wengine wakihesabiwa fedha zao za Umra mbele yangu. Aliyenipokea hatimaye aligeuza stakabadhi yetu akanionyesha mstari wa mwisho kule nyuma, ulioandikwa kwa herufi ndogo, kwamba fedha iliyolipwa hairudishwi. Nilimuuliza kama maneno hayo yanamhusu mteja aliyejitoa mwenyewe au mteja aliyenyimwa safari. Akasema yanamhusu kila mtu.

Sheria inasema vingine. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaeleza katika kifungu cha 56 kwamba mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani unakuwa batili, na kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea manufaa chini ya mkataba uliobatilika ayarudishe au amfidie aliyeyatoa. Sheria hii haikutungwa kwa ajili ya korona, ipo tangu enzi za ukoloni, na haihitaji kungoja tamko la mtu yeyote. Huko Ulaya nako, ambako kanuni namba 261 ya mwaka 2004 inazipa kampuni za ndege siku saba tu kumrudishia fedha abiria aliyefutiwa safari, abiria walilazimika kupigania haki hiyo mwaka 2020 kwa sababu walikuwa wakisukumiwa vocha. Kwa hiyo nasi tusione haya kudai.

Najua watatokea wa kusema kwamba mawakala nao walifilisika, na kwamba tunawakandamiza. Tulilifikiria hilo mapema. Juni 2020 tulimwandikia tukapendekeza alipe shilingi 200,000 kwa mwezi kwa watu wetu wawili, bila riba, bila fidia, bila kelele. Kwa mwendo huo angemaliza Mei 2023. Mama mdogo alifariki Agosti 2023. Angeishika fedha yake yote mkononi miezi mitatu kabla ya kufa, akaigawa alivyotaka mwenyewe, au akamtuma mtu amfanyie Umra.

Tulipomjulisha wakala juu ya msiba, jibu lake lilikuwa kwamba sasa hawezi kulipa mpaka familia ipeleke barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Mtu aliyekataa kumlipa mwenye fedha kwa miaka mitatu akiwa hai, akimjua kwa sura na kwa sauti, ameanza kuijali mirathi yake. Tuliipata barua hiyo, tukaipeleka Machi 2024. Hadi leo tunaambiwa mhasibu yuko safarini.

Nimeandika sasa kwa sababu ya muda. Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka sita kwa madai yanayotokana na mkataba. Mtu anaweza kubishana siku hizo zianze kuhesabiwa lini, kwenye kusitishwa kwa safari au kwenye kukataa kulipa, lakini mimi sitaki kuweka haki ya mama juu ya ubishi huo. Tukihesabu kwa upande usiotufaa, miaka sita inatimia Februari 2026, na msimu huu wa korosho ukianza kupamba moto kila mtu atakuwa shambani au ghalani. Nina wasiwasi kwamba ndivyo hasa wakala anavyokokotoa: kutuzungusha mpaka siku zipite.

Kwa hiyo naomba kila aliyelipa Umra ya Ramadhani 2020 kwa ofisi iliyokuwa na mwakilishi wake hapa Mtwara mjini, yule aliyekuwa akipita majumbani na msikitini kuandikisha majina, aniandikie ujumbe wa faragha, au mtoto aandike kwa niaba ya mzazi wake kama mzazi mwenyewe hajui kutumia simu. Hadi sasa wamepatikana watu saba katika wale kumi na mmoja. Wanne waliobaki naamini ni wa upande wa Lindi, na wawili kati yao walikuwa mtu na mkewe kutoka Kilwa Masoko. Tutakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao baada ya swala ya alasiri hapa Mikindani, tupange kama tunafungua shauri moja kwa pamoja au kila mtu lake, na tupeleke pia malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake.

Njooni na stakabadhi halisi, pasipoti ya wakati ule, na ujumbe wote wa simu, hata ule wa pongezi za Idi kama umetoka kwenye namba yao, kwa sababu unathibitisha kwamba namba ni yao. Na tafadhali, zipigeni picha stakabadhi hizo leo hii kabla hamjalala. Zile ni nakala za kaboni. Ya mama, aliyoitunza ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na juba jeupe alilolishonea safari, tarehe bado inasomeka, lakini tarakimu ya mwisho ya kiasi alicholipa imeshafutika.