Maneno ya Kifaransa yanayotumika zaidi: anayeanza ashike yapi kwanza?

Muuguzi wa Mpondwe:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya upande wa Kasese, si mbali na mpaka wa Mpondwe, kati ya Uganda na Kongo. Wagonjwa wanaovuka kutoka Kasindi, Beni na Butembo ni wengi, na katika mazungumzo hatupati shida, kwa kuwa tunasikilizana kwa Kiswahili, na wengine kwa Lhukonzo, ambayo inakaribiana sana na Kinande chao. Shida huja pale mgonjwa anapotoa kadi yake ya kliniki au karatasi ya dawa aliyoandikiwa ng'ambo, kwa maana yote yameandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo sikuisoma shuleni.

Nimepata kwenye intaneti orodha ya maneno 1,000 ya Kifaransa yanayotumika zaidi, nami nimeanza kuikariri kutoka juu kwenda chini. Lakini ukurasa wa kwanza umejaa "de", "la", "le", "et", "les", "des", "en", "un", "du", "que", na tafsiri zilizowekwa mbele yake hazinisaidii, kwa sababu "de" peke yake imepewa maana nyingi zisizofanana. Je, niifuate orodha kama ilivyopangwa, niyaruke maneno haya madogo na kuanza na majina ya vitu, au kuna njia nyingine? Ningependa kusikia hasa kutoka kwa walimu wa Kifaransa na kutoka kwa ndugu zetu waliosoma Kongo.

Mwalimu wa Kifaransa, Kampala:

Ndugu Muuguzi, usiyaruke. Orodha ya namna hiyo hupangwa kwa kuhesabu neno limetokea mara ngapi, na katika Kifaransa maneno madogo ya kuunganisha ndiyo yanayotokea mno. Maneno 100 ya mwanzo peke yake huchukua karibu nusu ya maandishi ya kawaida. Haina maana kwamba ukiyajua utaelewa nusu ya karatasi, kwa kuwa habari yenyewe hubebwa na maneno yanayotokea kwa nadra. Lakini ukiyakosa yale madogo, yale makubwa nayo yatakupotosha, na katika kazi yako kupotoshwa ni hatari kwa mgonjwa.

Chukua karatasi ya dawa. Hata ukijua kwamba "jour" ni siku na "deux" ni mbili, bado huwezi kutenganisha "deux fois par jour", yaani mara mbili kwa siku, na "un jour sur deux", yaani siku moja ameze na siku inayofuata aache. Tofauti yote imo katika "par" na "sur", na hayo mawili yamo katika kurasa za mwanzo za orodha yako. Vivyo hivyo "fièvre pendant cinq jours" ni homa iliyodumu siku tano, ilhali "fièvre depuis cinq jours" ni homa iliyoanza siku tano zilizopita na ambayo bado ipo. Neno ninaloliogopa kuliko yote ni "plus". Wanafunzi hulijua kwa maana ya "zaidi", kisha daktari mwenye haraka anaandika "plus de fièvre" akikusudia kwamba homa imekwisha, kwa sababu katika sentensi kamili angeandika "il n'y a plus de fièvre". Anayejua maana moja tu ya neno hilo atasoma kinyume kabisa cha yaliyoandikwa. Kwa hiyo usikariri neno dogo likiwa peke yake. Likariri ndani ya kifungu kifupi unachokutana nacho kazini.

Jambo la pili nalisisitiza kwa sababu naliona kila mwaka darasani. Hapa Uganda tumezoea kupitisha kila kitu katika Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya shule, hata pale ambapo Kiswahili kingetufikisha upesi zaidi. Mfaransa husema "j'ai faim", "j'ai soif", "j'ai vingt ans", nawe unayejua kusema nina njaa, nina kiu, nina miaka ishirini huna cha kujifunza hapo isipokuwa sauti. "Je sais nager" ni ninajua kuogelea, kwa kitenzi kile kile cha kujua. Kukanusha kwa Kifaransa hukishika kitenzi mbele na nyuma, "je ne bois pas", na Kiswahili nacho hufanya hivyo katika "sinywi", ambapo "si" hukaa mbele na irabu ya mwisho hubadilika. "Il ne boit que de l'eau" inaonekana ngumu mpaka uiseme kwa Kiswahili: hanywi ila maji. Hata yale maneno "le" na "se" yanayosumbua yakikaa mbele ya kitenzi yapo kwetu: "je le vois" ni ninamwona, na "il s'est coupé" ni amejikata. Nafasi ya "m" na ya "ji" katika kitenzi chetu ndiyo nafasi ya "le" na "se" katika sentensi yao.

Kumbuka pia kwamba "a" na "à" ni maneno mawili, na alama ile ya juu si pambo. "Il a mal à la tête" ni ana maumivu ya kichwa: "a" ya kwanza ni "ana", na "à" ya pili inaonyesha mahali. "A" hiyo hiyo isiyo na alama ndiyo inayojenga wakati uliopita, kama katika "il a vomi", ametapika, na "elle a accouché", amejifungua.

Mzaliwa wa Butembo, sasa Kyaka II:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu maneno madogo, lakini kwa heshima zote naona orodha ya maneno 1,000 haitamfikisha Dada Muuguzi anakotaka kwenda. Orodha hizo hutokana kwa sehemu kubwa na magazeti, vitabu na mazungumzo ya watu wa kawaida, na kadi ya kliniki haiandikwi hivyo. Mimi ningemshauri akusanye karatasi zinazomfikia, aondoe majina ya wagonjwa, na aandike katika daftari kila neno linalorudi. Baada ya muda mfupi atakuwa na orodha yake mwenyewe: "comprimé" yaani kidonge, "matin" asubuhi, "midi" adhuhuri, "soir" jioni, "à jeun" yaani kabla ya kula chochote, "toux" kikohozi, "selles" yaani choo kikubwa, "douleur" maumivu, "grossesse" ujauzito, "poids" uzito, "taille" urefu. Atakuta pia vifupisho ambavyo kamusi nyingi hazivitaji: "cp" ni kidonge, "TA" ni msukumo wa damu, "TDR" ni kipimo cha haraka, "GE" ni kipimo cha malaria kwa darubini, "CPN" ni kliniki ya wajawazito, na "VIH" ni virusi vile vile vya UKIMWI ambavyo ninyi huviandika HIV.

Kuna maneno ambayo orodha ya jumla itampa maana isiyofaa kabisa hapo kazini. "Règle" ataambiwa ni kanuni, na kweli ni kanuni. Lakini "dernières règles" katika kadi ya mjamzito ni hedhi ya mwisho, na tarehe yake huandikwa kwa kifupi "DDR". Wale wanaojua Kiingereza wana mtego mwingine tena, kwa kuwa "blessé" ni majeruhi wala si aliyebarikiwa, "pain" ni mkate wala si maumivu, na "médecin" ni daktari mwenyewe, ilhali dawa ni "médicament". "Rougeole" na "rubéole" zinafanana kwa macho, nazo ni surua na rubela; naomba uzitazame mara mbili kila unapozikuta katika kadi ya chanjo ya mtoto.

Jambo dogo lakini zito: sisi huandika sehemu ya desimali kwa mkato, si kwa nukta. Ukiona 12,5 kg ujue ni kilo kumi na mbili na nusu. Na siku utakapopiga simu ng'ambo kuuliza habari za mgonjwa, 70 utasikia "septante" na 90 "nonante", kama ilivyo Rwanda na Burundi pia, kwa kuwa Kifaransa chetu kilitoka kwa Wabelgiji. Ukijifunza kwa programu zilizotengenezwa Ufaransa utafundishwa namna nyingine. Unapozungumza na mtu mzima usiyemjua, tumia "vous" hata kama yuko peke yake. Ukimwambia "tu" mzee aliyemleta mjukuu wake, umemvunjia heshima kabla hujamhudumia.

Muuguzi wa Mpondwe:

Nashukuru sana, Mwalimu, na wewe ndugu wa Butembo. Daftari nimelianza leo. Nina maswali mawili yaliyobaki. Kwanza, je, ni lazima nijue kila jina ni la kike au la kiume, ilhali kazi yangu ni kusoma tu? Pili, nifanye nini ili maneno yasinitoke baada ya wiki moja?

Mfanyabiashara wa Kisoro:

Kuhusu la pili, mimi husikiliza. Radio France Internationale ina taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, ambamo habari hufafanuliwa, nayo inapatikana kwenye intaneti. Usiseme kwamba wewe unasoma tu, kwa sababu neno lililoingia kwa jicho bila sikio hutoka upesi, na Kifaransa huandika herufi nyingi zisizotamkwa. "Et" (na) na "est" (ni) hayaonekani kufanana, lakini ukiyasikia utajua kwa nini hata wenyeji huyachanganya wanapoandika. Ukisikia "lezami" katika taarifa, ni "les amis", kwa kuwa "s" iliyonyamaza huamka mbele ya irabu.

Mwalimu wa Kifaransa, Kampala:

Ndugu wa Butembo amegusa jambo ambalo watafiti walilikuta zamani. Katika miaka ya 1950 Georges Gougenheim na wenzake walirekodi mazungumzo ya watu nchini Ufaransa, wakahesabu maneno zaidi ya 300,000, ili wapate msamiati wa mwanzo kwa wanaojifunza Kifaransa. Waligundua kwamba majina ya vitu ambavyo kila mtu anavijua, kama uma wa mezani, karibu hayakutokea, kwa sababu mtu hutaja uma pale tu anapouhitaji. Ikawabidi waongeze njia ya pili: waliwauliza wanafunzi waandike maneno yanayowajia wanapofikiria chakula, mwili, nyumba au kazi fulani. Orodha ya kwanza waliyoitoa, yenye maneno yapatayo 1,475, ilichanganya njia zote mbili. Kwa hiyo, Ndugu Muuguzi, orodha yako ya intaneti ni nusu ya kwanza ya kazi ile, na daftari lako ni nusu ya pili. Fanya zote mbili kwa pamoja: kutoka kwenye orodha chukua yale maneno madogo, pamoja na vitenzi "être" (kuwa), "avoir" (kuwa na), "faire" (kufanya), "aller" (kwenda), "pouvoir" (kuweza), "devoir" (kupaswa), "savoir" (kujua) na "vouloir" (kutaka); majina na vifupisho yatoke kwenye kadi zenyewe.

Kuhusu jinsi ya majina, liandike kila jina pamoja na "le" au "la" tangu siku ya kwanza, kama sisi tunavyokariri mti pamoja na miti ili tujue ngeli. Jina likianza kwa irabu andika "un" au "une", kwa maana "l'" huificha jinsi. Hata msomaji anaihitaji: ukikuta "la mère et l'enfant: elle est fatiguée, il est pâle", viwakilishi "elle" na "il", pamoja na ile "e" ya mwisho katika "fatiguée", ndivyo vinavyokuambia kwamba mama ndiye aliyechoka na mtoto, ambaye ni wa kiume, ndiye aliyepauka.

Na ili yasikutoke, andika kifungu cha Kifaransa upande mmoja wa kikaratasi na Kiswahili upande wa pili. Kila asubuhi jipime kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Unachokumbuka bila shida kirudie baada ya siku kadhaa, na unachokosea kirudie kesho yake. Maneno mapya yasizidi kumi kwa siku, na siku ya zamu ndefu usiongeze hata moja, bali pitia ya nyuma.

Mzaliwa wa Butembo, sasa Kyaka II:

Ukikuta kifupisho kisichosomeka, kiandike hapa bila jina la mgonjwa, nami nitakijibu. Lakini kama ni kipimo cha dawa, usisubiri jibu letu. Piga simu kwa kituo kilichoandika kadi kabla hujampa mgonjwa chochote.