Premio 1ZZ inadondosha oili kati ya injini na gia boksi: ni sili ya kranki kweli?

Mgeni_Mbale
Ndugu mafundi, habari za kazi. Premio ya 2003, injini 1ZZ-FE, gia boksi otomatiki. Kila asubuhi nakuta matone matatu manne meusi kwenye simiti, chini ya pale injini inapokutana na gia boksi. Nimeambiwa ni sili ya nyuma ya kranki, ule mpira unaozuia oili isitoke mwisho wa kranki, lazima gia boksi ishushwe. Injini yenyewe imejaa vumbi jekundu lililogandana na oili, hakuna kinachoonekana. Niipeleke washing bay wapige pampu ya presha? Na nitathibitishaje kama ni hiyo sili?

Spana10
Gia boksi iache hapo hapo kwanza. Tapeti kava, yaani kifuniko cha juu cha injini, ikivuja kona ya nyuma upande wa gia boksi, oili inateremka ubavuni mwa injini, inafika kwenye bega la gia boksi, pale inapoungana na injini, na kudondokea palepale inapodondokea sili ya kranki. Ukitazama tone, unatazama mwisho wa safari. Oili hushuka, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Tafuta sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Kuosha ni lazima, ila pampu ya presha hapana: inasukuma maji ndani ya soketi za waya na alteneta. Injini iwe vuguvugu, kiganja kikae juu yake bila kuungua. Ukimwaga maji baridi kwenye eksozi iliyochemka, inaweza kupasuka. Toa waya hasi wa betri. Funga kwa kavera (mfuko wa plastiki) alteneta, mdomo wa filta ya hewa, boksi la fyuzi na koili zote 4 za plagi. Kwangua tope nene kwa kijiti, kisha pulizia dawa ya kuyeyusha grisi na uiache dakika 10 bila kuiruhusu ikauke. Sugua kwa brashi ya rangi uliyoikata nywele zikawa fupi ngumu. Kwenye pembe tumia mswaki. Suuza kwa mpira wa maji usio na kasi.

Kabla ya kuwasha, ng'oa koili moja moja uchungulie kisima cha plagi. Maji yakibaki mle injini inamisi, na mtu anaanza kununua koili ambazo hazina kosa. Ukikuta oili badala ya maji, gasketi ya tapeti kava imeshachoka.

Kijana_wa_Jinja
Mbona mnamtia gharama? Mafuta ya taa lita mbili na brashi, kwisha.

Spana10
Kwa kuosha tu, watu wengi wanafanya hivyo. Kwa kutafuta uvujaji, yanakuharibia kazi: yanaacha utando unaong'aa kama oili mbichi na kushika vumbi upya siku hiyohiyo. Tena yanavimbisha mipira, na yakibaki karibu na eksozi unaalika moto. Afadhali hata sabuni ya unga na maji moto. Dawa zenye kostiki ziepuke kabisa, zinakula aluminiamu, na hedi ya 1ZZ ni aluminiamu.

MamaGereji
Bwana Mbale, ikishakauka vizuri, paka poda ya mtoto nyembamba kwenye ukingo wa tapeti kava pande zote, kuzunguka swichi ya presha ya oili, kwenye kava ya cheni na juu ya bega la gia boksi. Endesha kilomita 15, zima, chungulia kwa tochi na kioo kidogo. Rudia baada ya kilomita 40. Oili inachora mstari mweusi kwenye poda, unaufuata kwenda juu.

Kwenye 1ZZ usisahau tenshena, kile kifaa kinachokaza cheni, upande wa fanibelti, imeshikwa na nati mbili za namba 10. Oringi yake hukauka na kuvuja. Ila ukiitoa, usizungushe injini hata kidogo, na pini yake irudishwe ndani ifungwe na ndoano yake kabla ya kuirudisha.

Juu kote kukiwa kukavu na tone linatoka ndani ya bega la gia boksi, hapo ndipo useme sili. Tazama rangi: nyeusi ni ya injini, nyekundu ni ya gia boksi, na hiyo ni sili nyingine kabisa.

Mgeni_Mbale
Asanteni sana. Poda imelowa kona ya nyuma ya tapeti kava, mstari unashuka mpaka kwenye bega. Tenshena kavu. Nikiweka gasketi mpya, nipake silikoni mzunguko mzima?

MamaGereji
Hapana! Silikoni ni sehemu mbili tu, pale kava ya cheni inapokutana na hedi, kila moja kama punje ya mahindi. Ukizungusha kote, ziada inamenyuka ndani, inaanguka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba wavu wa pampu ya oili. Futa mfereji wa kava mpaka uwe mkavu. Gasketi ikunje kabla hujailipia, hata ukiwa Kisekka, soko la vipuri la Kampala: ikiwa ngumu kama plastiki, rudisha.

Funga kava ndani ya dakika 3 baada ya kupaka. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, mara mbili, kwa raketi ndogo. Nguvu ya kukaza ni kama Nm 10 (nyutoni mita) tu. Wanaokaza kwa nguvu ndio hukata stadi (skrubu) za kava na kuponda mpira. Usiwashe kabla ya saa 2 kupita.

Spana10
Toa na valvu ya PCV palepale, ile inayopunguza presha ndani ya injini. Itikise, isikike ikigonga. Ikiwa kimya imeganda, presha haina pa kutokea, na gasketi mpya itaanza kuvuja tena baada ya miezi michache.