Milioni 12 za afya ya wanafunzi sekondari ya kata: uji, vyoo, pedi au chumba cha wagonjwa?

Mzazi_Ziwani

Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni mjumbe wa bodi kwenye sekondari moja ya kata mkoani Mwanza, kandokando ya ziwa. Shule ni ya kutwa, wanafunzi 420, kati yao wasichana 214. Waliosoma hapo zamani wamechangishana wakatukabidhi shilingi milioni 12 kwa sharti moja: ziende kwenye afya ya wanafunzi. Kikao cha kuamua ni Jumamosi.

Yaliyotajwa mpaka sasa ni manne. Kuna uji wa saa nne. Kuna vyoo na maji: tuna matundu 4 ya wasichana na 4 ya wavulana, na bomba halijatoa tone tangu Agosti. Kuna pedi. Halafu kuna chumba cha wagonjwa chenye kitanda, ambamo mwalimu wa unasihi naye atapata pa kuongea na mtoto faraghani. Kwa sasa anaongea nao chini ya mwembe, na darasa zima linawatazama dirishani.

Moyo wangu uko kwenye uji. Mwezi uliopita nilikuwepo mstarini asubuhi, binti wa kidato cha pili akaanguka. Walimpepea akazinduka, mwalimu akamuuliza amekula nini. Akasema michembe, jana mchana. Tangu siku ile kila nikimmiminia wangu chai namkumbuka yule. Waliopitia haya shuleni kwao, mlianza na lipi?

Mwl_Hesabu

Pole sana mkuu, na binti apewe pole. Ila kabla hujaingia kikaoni piga hesabu ya uji mpaka mwisho.

Gramu 60 za unga kwa kila mtoto, watoto 420, ni kilo 25 na kidogo kwa siku. Unga wa lishe kwa 1,600 ni 40,000. Sukari kilo 6 kwa 3,000 ni 18,000. Kuni na mpishi weka 5,000. Jumla 63,000 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku 194, kwa hiyo ni milioni 12 na laki mbili na ushee. Fedha yote imeisha mwaka haujaisha, na Januari inayofuata mtoto yuleyule ataanguka mstarini palepale. Wala ruzuku ya serikali ya 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka usiihesabie uji, ile ina chaki, mitihani na ukarabati vinaisubiri.

Sisemi watoto wasile. Nasema fedha iliyokuja mara moja inunue kitu kitakachokuwepo miaka kumi, na chakula kitoke shambani. Makande ni gramu 100 za mahindi na 40 za maharage kwa mtoto. Zidisha kwa siku 194 unapata kilo 19 na nusu za mahindi, yaani debe moja, na maharage kama kilo 8. Mzazi mwenye shamba debe hilo analiweza wakati wa mavuno, ila shilingi 30,000 taslimu mwezi Februari hana. Kwenye ile milioni 12 toa jiko banifu na sufuria mbili za lita 100 tu.

Baba_Wawili

Mwalimu amesema kweli, lakini ngoja niwaambie kilichotukuta sisi. Kwetu walipitisha debe. Wazazi kama nusu wakaleta. Basi ikawa saa sita na nusu waliochangiwa wanapanga foleni na bakuli zao, wengine wanazunguka nyuma ya darasa la mwisho wanakaa ukutani mpaka kengele. Mwanangu alikuwa kwenye foleni. Akaniambia, "Baba, sili tena, maana rafiki yangu ananisubiri nyuma." Nilijisikia vibaya kuliko wale ambao hawakuchanga.

Elimu ni bila ada tangu 2016, na mchango wa mzazi ni hiari, hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa ajili ya debe. Kilichotusaidia baadaye ni kulipeleka jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji badala ya kikao cha wazazi peke yake. Kijiji chenyewe kikataja kaya zisizojiweza, na shule ikapewa ekari 2 za kufidia sehemu yao. Kanuni ikawa moja: siku chakula kikipikwa, wanakula wote, au hakipikwi.

Na angalieni stoo. Mahindi ya kaya 400 yanakuja mengine mabichi, na mkiyachanganya mnaalika sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Yaanikwe upya kwenye turubai, yawekwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na punje yenye ukungu isiingie chunguni hata moja.

Matroni

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimekuwa matroni miaka kumi na moja. Naomba mnisikilize kuhusu vyoo.

Mnamjua yule msichana anayefunga sweta kiunoni saa nne, jua kali, wenzake wote wamevua? Haombi ruhusa kwa mwalimu wa kiume. Anasubiri kipindi kiishe, anasubiri wenzake watoke kwanza, anainuka akiwa wa mwisho na mkono mmoja nyuma. Anakwenda chooni, mlango hauna komeo. Ndani hamna maji. Anarudi, anachukua daftari, anaondoka. Nyumbani kilomita nne. Siku hiyo harudi, kesho harudi, keshokutwa somo la hesabu limeshahama sura.

Huyo ukimpa pedi tu, atabadilishia wapi? Mikono ataoshea nini? Iliyotumika ataitupa wapi? Nilishapokea maboksi ya pedi za msaada kwenye shule isiyo na maji, na wasichana waliendelea kwenda nyumbani vilevile, wakiwa na pedi mkobani.

Mwongozo wetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kwa 214 mnatakiwa 11, nyie mnayo 4. Jengeni mnachoweza, na kimoja kiwe chumba cha kujisitiri chenye beseni, kioo, ndoano ya kutundika sketi na kichomea taka kwa nyuma. Pedi zibaki za dharura, pakiti chache kwenye kabati la mwalimu wa kike, na watoto wafundishwe kushona za kufua.

Muuguzi_Homabay

Hamjambo majirani. Mimi ni muuguzi upande wa pili wa ziwa, Kenya. Namuunga mkono Matroni. Kwetu sheria ya 2017 inasema msichana apewe pedi bure shuleni, na papo hapo inadai pawe na njia salama ya kuzitupa. Watu wengi wanakumbuka nusu ya kwanza pekee.

Halafu kuna mambo mawili ambayo sijaona yakitajwa. La kwanza ni kichocho. Mko ziwani, kwa hiyo choo hapo ni dawa. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, na ya kile cha kibofu hutoka na mkojo, yanaingia majini na kuanguliwa, vijidudu vyake vinapitia kwa konokono, kisha vinampenya ngozi mtoto anayeoga au kuteka maji. Ukimeza vidonge leo na kesho unajisaidia kichakani kando ya maji, mzunguko unaanza upya. Kwa hiyo msiwasahau wavulana. Na siku ya kumeza praziquantel, vidonge vya kichocho, wapeni chakula kwanza. Nimeona watoto wakitapika msururu mzima kwa kumezeshwa tumbo tupu, wazazi wakadhani ni sumu, na mwaka uliofuata wakawaficha nyumbani.

La pili ni damu. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta wanawake 45 kwa kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Binti anayeanguka mstarini huenda ana njaa, huenda ana minyoo, huenda damu imepungua, na mara nyingi ni vyote kwa pamoja. Apimwe. Ulizeni zahanati yenu kuhusu vidonge vya madini ya chuma vya mara moja kwa wiki. Kwenye makande tieni dagaa waliosagwa, mnao hapo mlangoni, na chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia mwilini.

Kuhusu chumba cha wagonjwa, bila muuguzi kitageuka stoo ya majembe. Afadhali mkubaliane na zahanati waje siku moja kila muhula, na kila kaya ihimizwe bima.

Nilimaliza2019

Nasoma tu huwa, leo naomba niseme. Mmeongea chumba cha wagonjwa kikaanguka, na unasihi ukaanguka nacho.

Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Chakula kilikuwepo, vyoo vilikuwepo. Mwalimu mmoja wa kiswahili aliona nimeacha kunyoosha mkono, akaniita stoo ya vitabu, akafunga mlango, akanisogezea kiti. Hakusema mengi. Nililia nusu saa, akaniacha nilie. Angeniita chini ya mwembe nisingetoa hata chozi moja, ningesema niko sawa.

Haigharimu milioni. Inataka mlango unaofungika, viti viwili, na ratiba inayojulikana na wote ili anayeingia asionekane ana kosa. Na bandikeni namba 116, simu ya msaada kwa watoto, mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kutazamwa, ni bure. Wapo wasichana wanaopewa lifti za bodaboda kila asubuhi, deni lake wanakuja kudaiwa baadaye, na hawana wa kumwambia.

FundiMaji

Wakuu, kwenye maji kuna hesabu imerukwa. Darasa la mita 30 kwa 8 lina paa la mita za mraba 240, kila milimita moja ya mvua ni lita 240. Mvua ya milimita 25 ni lita 6,000, toa inayopotea, zinabaki kama 4,800. Kwa hiyo tangi la lita 5,000 linakaribia kujaa kwa mvua moja nzuri.

Tatizo ni kiangazi. Matangi mawili ni lita 10,000. Watoto 420 wakitumia lita 2 tu kwa siku ni 840, yaani siku 12 yamekauka. Juni mpaka Agosti huko mvua ni haba. Kwa hiyo vyoo viwe vya shimo vyenye bomba la hewa, msijenge vya kumwagia maji, na mikono inawiwe kwa vibuyu chirizi. Na kabla ya yote, mmeuliza bomba limekauka kwa nini?

Mzazi_Ziwani

Wakuu asanteni, leo sijalala mchana. Fundi, swali lako limenipeleka mpaka kwa mhasibu wa shule. Pampu nzima, chanzo kizima. Tumekatiwa kwa deni la shilingi 340,000. Miezi yote hii tumekaa vikao vya tangi, na hakuna aliyeuliza.

Nimeuandika mpango upya. Deni lilipwe kesho kutoka ruzuku, mkuu wa shule ameridhia. Matundu 4 mapya ya wasichana kwa 1,300,000 kila moja ni 5,200,000. Chumba cha kujisitiri na kichomea 1,600,000. Matangi mawili na misingi yake 2,400,000, mifereji ya paa 700,000. Jiko banifu na sufuria 1,600,000. Zinabaki laki tano za pedi za dharura, sanduku la huduma ya kwanza, na komeo na viti vya stoo ya vitabu. Vyoo vya wavulana vitachimbwa kwa nguvu za wazazi, matofali tunafyatua wenyewe. Debe linakwenda mkutano wa kijiji, na nitasema maneno ya Baba_Wawili kama yalivyo. Uji nimeuacha, ingawa imeniuma. Yule binti anakwenda kupimwa damu Jumanne, mimi mwenyewe nampeleka.

Kuna nilichosahau?

Matroni

Kimoja, kaka yangu. Msichague mahali pa kuchimba nyie wenyewe. Chukueni wasichana wawili kila kidato, wafuatane na mwalimu wa kike, wasimame pale mnapotaka kuweka mlango, waseme nani anawaona wakiingia. Kwetu wajumbe walivijenga vikatazamana na uwanja wa mpira, na hakuna msichana aliyevikanyaga saa za mapumziko. Na komeo liwe kwa ndani, la chuma, juu kidogo ya kiuno.