Naomba ushauri: sakafu ya kupendeza kwa chumba cha chini chenye unyevu, Bagamoyo

MjukuuWaDunda: Ndugu zangu, heshima kwenu. Tumerithi nyumba ya marehemu bibi yetu, Mji Mkongwe wa Bagamoyo, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kwa kuwa njia imeinuliwa mara kadhaa, chumba cha mbele sasa unakishukia kwa ngazi mbili. Miaka 3 iliyopita fundi alitubandikia vigae vya bei nafuu juu ya sakafu ya zamani. Masika ya pili vikanyanyuka, na kwenye viungo vyake ukatoka unga mweupe ambao nikiufagia leo, baada ya siku chache umerudi. Mama anataka kupokelea wageni humo. Dukani nimeonyeshwa mbao za kubandika zinazofanana na mninga, pamoja na kapeti ya plastiki. Kipi kinafaa?

FundiWaPwani: Pole sana, ndugu. Mbao hizo usizinunue, kwani ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa, na ukinywa maji huvimba kingoni usirudi tena. Kapeti ya plastiki nayo itafuga kuvu chini yake. Huo unga mweupe ni chumvi: maji ya ardhini hupanda sakafuni kama mafuta ya taa katika utambi, na yakikauka juu huiacha. Ng'oa vigae sehemu moja, ubandike nailoni ya mita 1 kila upande, kingo zote zizibwe kwa utepe, uiache usiku na mchana. Majimaji yakiwa chini ya nailoni, yanatoka ardhini. Yakiwa juu yake, ni unyevu wa hewa unaogandia sakafu baridi, na hapo shughulikia madirisha kwanza. Kama ni ardhini, vunja yote, shindilia kokoto, tandika nailoni nzito, mwaga jamvi la zege, kisha weka vigae vya poseleni, ambavyo hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake.

BintiKaole: Jaribio la fundi ni zuri, ila kwa nyumba ya matumbawe siafiki nailoni hata kidogo. Maji yakizibiwa njia sakafuni huhamia ukutani. Kwetu tulifanya hivyohivyo, tukapiga na lipu ya saruji, na mwaka uliofuata lipu ikavimba hadi usawa wa kiuno. Ukiibonyeza kwa kidole inamomonyoka kama sukari. Tulibomoa tukaanza upya: chini kokoto kubwa zisizo na mchanga, ili maji yasipande, juu yake zege la chokaa lililochanganywa na unga wa matofali ya kuchoma, na mwisho niru, yaani tabaka laini la juu la chokaa, yenye rangi nyekundu, iliyosuguliwa kwa jiwe laini mpaka ikang'aa. Unyevu unapumua, na chumba kimepoa kwa namna ambayo vigae havikuwahi kukipoza. Mchanga usiwe wa ufukweni, maana utakuwa umeingiza chumvi mwenyewe. Kwa kuwa ni Mji Mkongwe, waulize pia watu wa Mambo ya Kale, wanaosimamia majengo ya kihistoria, kabla hujavunja chochote.

FundiWaPwani: Dada, kwa kuta za chokaa nakubali, hoja yako ina uzito, ushauri wangu unafaa zaidi nyumba ya tofali za saruji. Ila chokaa hukauka polepole, kwa hiyo mpe fundi wiki kadhaa bila kumharakisha.

Mzee wa Magomeni: Wageni wakija tandika mikeka ya ukindu, wakiondoka ianikwe. Usiiache imelala humo.

MjukuuWaDunda: Nashukuruni nyote. Leo nimebandua nailoni: upande wa ua palikuwa pakavu, lakini upande wa njia matone yalijaa chini yake kama jasho. Nilipotoka nje nikaona maji ya paa yanamwagika palepale, kwenye mguu wa ukuta. Nitaanza na mfereji wa kuyaondoa maji hayo kabla ya masika, kisha chokaa na niru. Dada, hiyo rangi mlichanganyaje?

BintiKaole: Tumia rangi ya unga isiyoliwa na chokaa, na uichanganye kavu na chokaa yote ya tabaka la juu kwa mara moja, kwani ukipima ndoo kwa ndoo sakafu itatoka na mabaka.