Kununua fleti katikati ya mji penye pilikapilika: tukague nini kabla ya kulipa arubuni?

Mnunuzi Mpya

Wanajukwaa, salaam. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka 11 na sasa tumefikia hatua ya kununua nyumba yetu ya kwanza. Tumepata fleti ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, katika mtaa wa katikati ya mji tunaoupenda kwa dhati, ambako watu wapo barabarani tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Chini ya jengo kuna mkahawa na duka la vitabu, ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa muziki, na kituo cha treni kiko umbali wa dakika tano kwa miguu. Tuna mtoto wa miaka miwili ambaye usingizi wake ni mwepesi.

Tumeikagua mara mbili, zote asubuhi, na dalali anatuhimiza tulipe arubuni ndani ya wiki hii kwa kuwa, kwa maelezo yake, kuna mnunuzi mwingine. Ada ya huduma, yaani mchango wa wamiliki wa kulitunza jengo, ni ndogo kuliko majengo mengine tuliyoyaona, jambo lililotufurahisha. Ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kununua mahali pa namna hii: ni kitu gani mlikuja kukigundua baada ya kuhamia ambacho mngetamani kukijua mapema?

Mkazi wa Ghorofa ya Pili

Dada, hongera, maana kuweka akiba miaka 11 si lelemama. Nina miaka 9 katika fleti ya mtaa wa aina hiyo, na kosa nililolifanya mimi ndilo ninalotaka wewe ulikwepe. Mimi pia nilionyeshwa nyumba asubuhi, Jumanne saa nne, mtaa ukiwa umetulia kama maji mtungini. Ijumaa ya kwanza baada ya kuhamia niliweka bilauri ya maji kando ya kitanda, nikazima taa, na kwa mwanga uliokuwa ukiingia kutoka barabarani nikaona uso wa yale maji ukitetemeka kwa viduara vidogo vidogo, sambamba na mdundo uliotoka jengo la pili. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Wimbo wenyewe sikuusikia. Nilichokisikia ni besi tu, nayo haikukoma hadi saa tisa usiku.

Baadaye nilikuja kuelewa sababu. Wimbi la besi lenye mitetemo 50 kwa sekunde lina urefu wa karibu mita 7, na wimbi refu namna hiyo halizuiwi na pazia wala kioo cha kawaida, bali huusukuma ukuta wenyewe ukatikisika. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba madirisha ya vioo viwili yatamaliza tatizo, amekuambia nusu ya ukweli. Vioo hivyo husaidia sana dhidi ya honi na mazungumzo ya wapita njia, hasa vikiwa na unene usiolingana na nafasi pana kati yake, lakini dhidi ya besi msaada wake ni mdogo.

Kabla hujafikiria kubadilisha vioo, kagua mianya. Tundu lenye ukubwa wa asilimia 1 tu ya eneo la ukuta latosha kuufanya ukuta huo, hata uwe mnene kiasi gani, usizuie zaidi ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 20 hivi. Chukua ukanda wa karatasi, uweke kwenye ukingo wa dirisha, ufunge dirisha, kisha uuvute: ukichomoka bila kukwama popote, hapo ndipo kelele zitakapopita. Mimi nilibadilisha mipira ya kuzibia madirisha ya chumba cha kulala, na tofauti niliisikia usiku uleule, ingawa besi ilibaki.

Ushauri wangu ni kwamba uombe kuingia tena Ijumaa au Jumamosi saa tano usiku, na si kwa kupita tu. Kaeni angalau dakika 40 katika chumba kitakachokuwa cha mtoto, taa ikiwa imezimwa na simu zikiwa kimya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kwamba kelele za mfululizo ndani ya chumba cha kulala zisizidi desibeli 30, na kelele za ghafla zisizidi 45 hivi. Programu za simu si vipimo vya kitaalamu, lakini zitakupa picha. Kumbuka tu kwamba desibeli hazihesabiwi kama kilo, kwani ongezeko la 10 sikio hulipokea kama kelele zilizoongezeka maradufu. Rudini tena alfajiri, siku ambayo gari la taka hupita. Na kama kuna chumba kinachotazama uani badala ya barabarani, mpeni mtoto hicho, hata kikiwa kidogo.

Mhandisi Mstaafu

Naomba kumwongezea aliyetangulia. Kelele utazisikia mwenyewe, lakini yapo mambo ambayo jengo huyaficha, na hayo ndiyo yaliyonishughulisha kwa muda mwingi wa kazi yangu. Anayenunua fleti hapati kuta za ndani peke yake. Anapata pia fungu lake la paa, lifti, pampu, misingi na mabomba ya maji taka, pamoja na tabia ya majirani zake ya kulipa au kutolipa.

Umeandika kwamba ada ndogo iliwafurahisha. Mimi ingenitia wasiwasi. Lifti huchakaa, tabaka la kuzuia maji juu ya paa lina umri wake, na pampu hufa bila kuaga. Kama hakuna mfuko wa akiba wa matengenezo makubwa, siku moja wamiliki wataitwa mkutanoni na kuambiwa wachange kwa mkupuo. Hapo ndipo ugomvi huanza, na wakati wakigombana zege linaendelea kuoza. Jengo la Champlain Towers South la mji wa Surfside, jimbo la Florida nchini Marekani, lililokamilika mwaka 1981, liliporomoka usiku wa Juni 24, 2021 na kuua watu 98. Mwaka 2018 mhandisi alikuwa amekwisha kuandika kwamba tabaka la kuzuia maji katika eneo la bwawa la kuogelea limeshindwa kazi na kwamba zege la chini yake linaharibika. Wamiliki walivutana kwa muda mrefu kuhusu ukarabati, ambao gharama yake ilifika takriban dola milioni 15, na jengo lilianguka kabla kazi kubwa ya kukarabati zege haijaanza. Sisemi kwamba jengo lenu lina hali hiyo. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu za mikutano ya wamiliki huonyesha mengi ambayo rangi mpya ukutani haiwezi kuyaonyesha. Omba za miaka mitatu iliyopita, pamoja na hesabu za mfuko, uzisome zote.

Kisha shuka chini kabisa kabla ya kupanda ghorofa ya tatu. Tazama dari la maegesho: madoa ya kutu yanayotiririka kwenye zege maana yake ni kwamba nondo za ndani zinaliwa. Uliza lini paa lilizibwa mara ya mwisho, na nani alifanya kazi hiyo. Panda kwa ngazi za dharura, usipande kwa lifti, kwa kuwa katika majengo yenye maduka chini ngazi hizo mara nyingi hugeuzwa stoo ya maboksi, na siku ya moto maboksi hayo ndiyo yatakayowazuia mlango.

Mkahawa unahitaji ukaguzi wa peke yake. Uliza bomba la moshi wa jikoni linatokea wapi, na kama kuna chemba ya kunasa mafuta kabla maji machafu hayajaingia kwenye bomba la pamoja. Mafuta ya kupikia yakipoa huganda ndani ya bomba, na maji yasipopata njia ya kushuka hurudi kupitia vyoo vya ghorofa za chini. Omba mfuniko wa chemba ufunguliwe mbele yako.

Mtembea kwa Miguu

Wenzangu mmesema kweli, lakini dada asije akaogopa kupita kiasi. Nimeishi katikati ya mji kwa miaka 14, nimewalea watoto wawili huko, na sijajuta. Gari tuliliuza mwaka wa pili. Watoto walikwenda maktaba wenyewe wakiwa na miaka 9, na mama yangu alipodhoofika aliweza kushuka kila jioni akakaa benchini, akasalimiana na watu, jambo ambalo kule pembezoni asingelipata.

Neno langu ni moja tu, kuhusu ukumbi. Kama ulikuwepo kabla yenu, msinunue kwa matumaini kwamba malalamiko yenu yataufunga. Jimbo la Victoria nchini Australia mwaka 2014, na Uingereza mwaka 2018, ziliingiza katika kanuni za mipango miji wazo kwamba anayejenga makazi mapya karibu na ukumbi uliopo ndiye anayebeba jukumu la kuzuia sauti. Nami naliona ni la haki, kwa sababu muziki huo ni sehemu ya kile kinachowavuta kuja hapo. Ulizeni leseni yao inaruhusu hadi saa ngapi.

Mnunuzi Mpya

Nawashukuru nyote. Tulikwenda Ijumaa, tukaketi sakafuni katika chumba cha mbele kuanzia saa nne na nusu. Sauti za watu barabarani tulizivumilia, lakini saa tano na robo besi ilianza, na niliihisi kwa kiganja nilipogusa ukuta. Katika chumba cha nyuma, kinachotazama uani, haikuhisika kabisa; huko kilichosikika ni feni ya jikoni la mkahawa, ambayo ilizimwa saa sita kasoro. Kumbukumbu za mikutano dalali anasema zitatolewa baada ya arubuni. Je, hilo ni la kawaida?

Wakili wa Ardhi

Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo mtafuteni wakili wenu wenyewe, asiwe wa muuzaji. Hata hivyo, nisingewashauri mlipe kwanza ndipo msome. Kama muuzaji anashikilia msimamo huo, arubuni iwekwe kwenye akaunti ya wateja ya wakili, na mkataba uandikwe kwamba itarejeshwa yote iwapo hesabu, kumbukumbu au ukaguzi wa mhandisi havitawaridhisha. Maneno ya mdomo ya dalali hayatawasaidia.

Ombeni pia barua kutoka chama cha wamiliki inayothibitisha kwamba muuzaji hana malimbikizo ya ada, kwa kuwa mahali pengi deni hilo humwangukia mmiliki mpya. Linganisheni hati na ramani ya jengo: maegesho na stoo mlizoonyeshwa zimetajwa humo, au zinatumiwa kwa mazoea tu? Mwisho, ulizeni nani anamiliki ghorofa ya chini na ana kura ngapi katika chama. Niliwahi kushughulikia jengo ambalo mwenye maduka alikuwa na zaidi ya nusu ya kura, na wakazi walipotaka feni ya jikoni ihamishwe, hawakuweza kupitisha uamuzi wowote bila yeye.

Mnunuzi Mpya

Hilo la kura halikuwa limenijia akilini hata kidogo. Nimemwandikia dalali jioni hii kwamba hatutalipa bila masharti hayo kuandikwa, na amejibu kwamba muuzaji yuko tayari kutupa hesabu Jumatatu. Jumatano saa tatu asubuhi mhandisi atakuja pamoja nasi, tutaanzia chini kwenye maegesho, na nimeomba mfuniko wa chemba ufunguliwe.