Naandikaje tafakari ya kukua kwangu na mtindo wangu kwenye somo la sanaa?

Brashi_Mbili:

Heshima kwenu wakuu, na wakubwa wote shikamooni. Nipo kidato cha tatu, Dar, nasoma sanaa za ufundi. Mwalimu anataka tufunge mwaka kwa jalada la kazi nane pamoja na maandishi ya kurasa mbili: umekua vipi, na mtindo wako ni upi. Kazi ninazo, kuanzia michoro ya penseli ya sufuria na birika tuliyoanza nayo Januari, mpaka picha za rangi za soko la samaki Feri za muhula huu. Maandishi ndiyo yanayonishinda. Aya ya kwanza niliiandika hivi:

"Tangu nianze kujifunza sanaa nimekua sana. Mwanzoni michoro yangu haikuwa mizuri, lakini kwa mazoezi na msaada wa mwalimu sasa nachora vizuri zaidi na ninajiamini. Mtindo wangu ni wa Kiafrika, wenye rangi nyingi zinazong'aa."

Mwalimu ameirudisha. Amepigia mstari "vizuri zaidi" na "wa Kiafrika", pembeni akaandika: onyesha wapi. Sasa naonyeshaje? Halafu hili la mtindo: sehemu ya nyuma ya picha huwa naijaza nukta, na wenzangu wanasema huo ni mtindo wa Tingatinga, siyo wangu. Niandike hivyo?

MwalimuChaki:

Marahaba. "Onyesha wapi" maana yake kila dai liwe na mahali pake kwenye picha, ambapo msomaji anaweza kuweka kidole. "Nachora vizuri zaidi" haina mahali.

Kabla ya kuandika neno, tandaza kazi zako zote sakafuni kwa mpangilio wa tarehe, hata zile usizopanga kuziweka kwenye jalada. Kisha tafuta jozi: kazi mbili zenye tatizo lilelile la uchoraji, moja ya zamani na moja ya sasa. Usilinganishe sufuria na uso wa mtu, hapo hutaona kitu. Kama kwenye picha za Feri kuna mabeseni ya samaki, basi jozi unayo tayari: sufuria ya Januari na beseni la muhula huu, vyote ni vyombo vya duara vinavyotazamwa kwa pembe.

Angalia mdomo wa sufuria. Ukiutazama kwa pembe ni duaradufu, yaani duara lililobanwa. Anayeanza huchora mkunjo wa juu, kisha wa chini, halafu anaikutanisha pembeni kwa ncha kali kama za jani. Duaradufu haina ncha; kulia na kushoto mstari unageuka kwa mviringo mdogo. Halafu shuka kwenye kitako. Wengi huchora kitako kwa mstari ulionyooka kwa sababu akili inajua kwamba meza ni tambarare. Jicho linaona vingine: kitako kiko chini zaidi ya usawa wa macho kuliko mdomo, kwa hiyo mkunjo wake unatakiwa kuwa wazi zaidi kuliko wa mdomo. Chukua rula upime. Mdomo ukiwa na upana wa sentimita 12 na kina (kutoka mkunjo wa juu mpaka wa chini) cha sentimita 3, kitako chenye upana huohuo kikapata kina cha sentimita 1, sufuria hiyo haijakaa mezani.

Jambo la pili la kupima ni mwanga na kivuli. Kwenye karatasi ya pembeni chora visanduku vitano, cha kwanza kitupu, cha tano weusi wote wa penseli ya 6B (laini na nyeusi sana), na vitatu vya katikati vikipanda taratibu. Piga picha mchoro wako kwa simu, uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe, uangalie inagusa visanduku vingapi. Michoro ya mwanzo mara nyingi hukaa kwenye viwili au vitatu vya katikati, kwa sababu mwanafunzi ana HB peke yake, penseli ya kawaida ya kuandikia. HB hata uikandamize vipi haifiki weusi wa 4B au 6B. Itachimba karatasi na kuacha mng'ao tu.

Sasa andika. Mfano, ukibadilisha kulingana na kazi zako:

"Katika mchoro wa 1 (Januari, penseli HB) kitako cha sufuria ni mstari ulionyooka na kivuli kina ngazi mbili tu. Katika mchoro wa 6 kitako cha beseni kimejikunja kuliko mdomo wake, na kivuli kilicho chini ya ukingo kinafika weusi wa 6B. Siku hizi kabla ya kuchora chombo chochote naweka kwanza mstari hafifu wa usawa wa macho, ndipo napima mdomo na kitako kuanzia hapo."

Sentensi ya tatu ndiyo yenye alama nyingi. Mbili za kwanza zinaonyesha tofauti, na tofauti hata aliyekaa nawe darasani anaiona. Ya tatu inasema umebadilisha nini katika namna ya kufanya kazi. Ukipata aya tatu au nne za namna hiyo, nusu ya kwanza ya maandishi imekwisha.

KibaoCheusi:

Mimi nijibu la mtindo. Dogo, "wa Kiafrika" ifute kabisa, haielezi picha yoyote. Chukua Watanzania watatu tu. Sam Ntiro alipaka vijiji vya Kilimanjaro, watu wengi wadogo wakiwa kazini, wameenea kwenye mandhari. George Lilanga alikuwa mchongaji kabla ya kushika rangi, na inaonekana: viumbe vyake vina masikio makubwa, midomo iliyovimba, vidole vichache, vimeshikamana na kupindana kama vimetoka kwenye gogo moja. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kupaka Dar mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alipenda kuweka mnyama mmoja mkubwa anayejaza ubao. Wote watatu ni Waafrika, na hakuna anayeweza kuchanganya kazi zao.

Kuhusu nukta, wenzako wamechukua alama moja wakaifanya mtindo mzima. Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa mtindo huo, picha zake nyingi zina sehemu ya nyuma tulivu, rangi chache. Ule msongamano wa ndege, wanyama na nukta unaouona leo pale Morogoro Stores, Oysterbay, umekuzwa zaidi na waliomfuata. Na kuna suala la vifaa. Wao hupaka rangi ya mafuta inayong'aa, ile iliyokuwa ikitumika kwenye baiskeli, juu ya hadibodi au turubai. Ikishakauka, rangi unayoweka juu yake haiitibui, ndiyo maana nukta zao zina kingo safi. Wewe nadhani unatumia rangi za maji za shule kwenye karatasi. Hizo hata zikikauka, brashi yenye maji inaziamsha tena: nukta ya njano juu ya bluu inageuka kijani pembeni. Kama kingo za nukta zako zimechafuka, sababu ni hiyo. Acha tabaka la chini likauke kabisa, changanya rangi ya nukta iwe nzito kiasi kwamba haitiririki ukiinamisha kibao, gusa mara moja kwa mkia wa brashi, usirudie palepale.

Mtindo wako utafute hivi. Weka kazi nane mbele yako, kwa kila moja andika: kitu kikuu kimechukua sehemu gani ya karatasi, kimekatwa na ukingo au kipo kizima, kingo zina mstari wa kuzungushia au rangi inakutana na rangi, rangi ngapi, mwanga unatoka upande gani, mtazamaji amesimama wapi, karibu, mbali, juu, na kitu gani hukukiweka ingawa kilikuwepo. Sifa zinazojirudia kwenye kazi tano na zaidi, na ambazo mwalimu hakuziagiza, ndizo za kuandikia. Nukta zikiwemo, ziandike kwa jina lao: umejifunza kutoka kwa wachoraji wa Tingatinga, unazitumia sehemu fulani, kwa kazi fulani. Kutaja ulikojifunza hakukupunguzii alama hata moja.

Penseli_4B:

Natofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Kidato cha tatu, kazi nane, nusu yake mazoezi ya darasani ambayo kila mtu kapewa sufuria ileile: mtindo unatoka wapi? Angeandika "mwelekeo" ingekuwa kweli zaidi. Akidai mtindo, msahihishaji atamtaka autetee.

KibaoCheusi:

Sufuria ni ileile, ila nani alikaa wapi, nani alijaza karatasi na nani aliiweka ndogo katikati, hayo mwalimu hakuagiza. Lakini neno "mwelekeo" nalikubali, linamwachia nafasi ya kusema anakoelekea.

Brashi_Mbili:

Asanteni sana wakuu. Nimefanya zoezi la kuorodhesha. Yaliyojirudia: picha zote tano za Feri ni za karibu sana, mikono na mabeseni yanajaza karatasi, na nyuso zimekatwa na ukingo wa juu au zimegeukia pembeni. Pia zote tano zina bluu nyingi, ila hiyo ni kwa sababu chupa ya bluu ndiyo iliyokuwa imebaki shuleni. Niandike vyote? Na kuna picha moja ya rangi imepasuka pasuka upande wa anga, niitoe kwenye jalada?

MwalimuChaki:

Bluu kama sababu ni chupa, sema hivyo kwa sentensi moja, halafu ueleze ulichofanya ukiwa na bluu hiyo. Kuna waliopaka bluu ileile kila mahali. Kuna aliyeichanganya na nyeupe kwa mbali na kuitia kahawia kidogo kwa kivuli cha karibu. Uhaba hukuuchagua, matumizi umeyachagua.

Mikono na nyuso ndiyo habari kubwa ya jalada lako, na hapo uwe mkweli. Nyuso unazikata kwa sababu mikono inakuvutia, au kwa sababu nyuso zinakushinda? Kuna namna ya kujua. Chora vijichoro vitatu vidogo, sentimita 8 kwa 6, vya muuza samaki mmoja: kimoja na uso mzima, kimoja uso umekatwa machoni, kimoja mikono tu. Kwenye kile cha uso pima: mstari wa macho unakaa katikati ya kichwa, nusu ya umbali kati ya utosi na kidevu. Wanaoanza huyapandisha macho juu kwa kusahau paji na fuvu, uso ukapoteza umbo, basi wakahamia kuchora migongo. Uso ukikaa sawa na bado unapendelea kijichoro cha mikono, umechagua. Uso ukikataa, andika kwamba umeukwepa mpaka sasa na kwamba kazi inayofuata inaanzia hapo. Vyote viwili vinakubalika mbele ya msahihishaji anayejua kazi yake. Kinachoangusha ni kuandika "nilitaka kuonyesha fumbo la utu" wakati picha yenyewe inaonyesha shingo iliyokatwa kwa haraka.

Na vijichoro hivyo vibandike kwenye jalada. Ni ushahidi wa namna unavyofikiri, nao ni nadra kwenye majalada ya wanafunzi.

FundiTurubai:

Iliyopasuka usiitoe. Rangi za maji za shule zikiwekwa nene, juu hukauka kwanza na chini bado kuna unyevu. Tabaka likisinyaa linapasuka, hasa ukianika juani ili iwahi. Sababu nyingine ni karatasi nyembamba. Karatasi ya kurudufia ya gramu 80 inatanuka na kujikunja ikilowa, kisha inasinyaa ikikauka, rangi nene haiwezi kufuata. Kwa rangi ya maji tafuta karatasi ya gramu 200 kwenda juu, ibandike pande zote nne kwenye ubao kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, paka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, ikaukie kivulini. Weka picha iliyopasuka kando ya iliyofuata ambayo haikupasuka, andika ulichobadilisha. Ukiwa hujabadilisha bado, paka anga ndogo ya majaribio wiki hii, nusu nene, nusu tabaka mbili, uibandike chini yake.

La mwisho ni picha za simu, maana jalada zuri huharibika hapo. Bandika kazi ukutani penye kivuli nje au karibu na dirisha, asubuhi jua likishapanda, bila taa ya simu. Simama mita moja na nusu hivi kisha kuza kidogo. Ukisogea karibu sana kamera inapinda kingo za karatasi. Simu iwe sambamba na karatasi, katikati yake, isiinamie. Weka kipande cha karatasi nyeupe pembeni: kikionekana cha njano kwenye picha, na rangi zako zote zimehama, rudia mahali pengine. Chini ya kila kazi andika jina, mwezi na mwaka, vifaa, na vipimo, ukianza na kimo (kwenda juu) ndipo upana. Namba ya kazi iwe ileile uliyoitaja kwenye maandishi, msomaji asitafute mchoro wa 6 akakuta wa 4.