Shirika likiyumba, tumlaumu mkurugenzi au mwenye mali?

Mleta mada
Kila Kenya Airways ikitangaza hasara, kilio ni kilekile: mkurugenzi aende nyumbani. Mimi naona tunamwandama mpishi wakati aliyenunua unga mbovu yupo sebuleni.

Rudini enzi za Titus Naikuni, mkurugenzi wake hadi 2014. Shirika lilikuwa na jina, likaja na Mradi wa Mawingu: kutoka ndege thelathini na kitu hadi zaidi ya 100 ifikapo 2021. Mwaka 2012 likawaomba wenye hisa shilingi bilioni 20.7, likaambulia bilioni 14.5 hivi. Hapo ndipo pa kusimama. Soko limeshakujibu, na wewe unaendelea kusubiri Dreamliner, zile Boeing 787 za safari ndefu, kwa fedha za mkopo? Agosti 2013 uwanja wa Jomo Kenyatta ukashika moto, Septemba likaja shambulio la kigaidi la Westgate jijini Nairobi, mwaka uliofuata Ebola. Abiria walipungua, marejesho ya mkopo hayakupungua. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 hasara ilikuwa bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2.

Wakurugenzi waliofuata, Mbuvi Ngunze, Sebastian Mikosz na Allan Kilavuka, walirithi madeni ambayo bodi na wenye mali waliyabariki. Mnitoe makosa.

Mchangiaji wa kwanza
Nakutoa. Ngunze hakushuka kutoka mbinguni mwaka 2014, alikuwa mkuu wa uendeshaji humo humo tangu 2011. Na hao walioleta Mawingu bodini ni akina nani kama si menejimenti? Bodi hailali ikaota ndege.

Halafu tazama jirani. Ethiopian Airlines ilianza Dira ya 2025 mwaka 2010, mpango mkubwa vilevile, ukaendeshwa na Tewolde GebreMariam aliyeshika ukurugenzi 2011. Ni mali ya serikali mia kwa mia. Mafuta ni yaleyale, anga ni hiihii. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na chuo chao cha marubani, karakana inayokarabati ndege za wengine, na mizigo inayoleta hela hata abiria wakikosekana. Huo ni uongozi, ndugu yangu, si mwenye mali.

Mchangiaji wa pili
Sijui mambo ya ndege. Nilikuwa karani kwenye kampuni moja (siitaji) iliyobadilisha wakurugenzi watatu ndani ya miaka mitano. Kila mmoja alikuja na mpango wenye jina zuri, fulana, na semina ya siku mbili hotelini. Wa tatu alipokuja hatukuzivaa hata hizo fulana. Tulikuwa tunahesabu miezi yake. Kwa hiyo sijali aliyekosea ni nani, nachojua ni kwamba ukibadilisha nahodha mara kwa mara, mabaharia huacha kusikiliza.

Mchangiaji wa tatu
Nawasalimu kutoka Dar. Mleta mada yuko sahihi, aje aone kwetu. Tangu 2016 serikali imenunua ndege, zikawa mali ya wakala wake wa ndege, na ATCL, shirika la ndege la taifa, ikawa inazikodi. Yaani anayechagua aina ya ndege si yule anayetafuta abiria! Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikaonesha hasara ya shilingi za Tanzania bilioni 56 na ushee kwa mwaka 2022/23, na zile Airbus A220 zetu zilikaa chini kwa ugonjwa wa injini. Hapo utamfukuza mkurugenzi kwa kosa lipi?

Mchangiaji wa kwanza
Kwa kosa la kukubali kazi hiyo bila kuandikiana. Mkurugenzi anayejua kazi yake anamwambia waziri, "ndege hii hailipi," na hapewi ndege hiyo. Akishindwa kusema, alikuwa msimamizi wa kufungua mlango.

Mleta mada
Hoja ya Ngunze naipokea, nilimpaka asali bure. Ya Ethiopian naipokea nusu: serikali yao ina hisa zote, lakini kwa miaka mingi iliwaachia watu wa ndani washike usukani, mtu anapanda ngazi hadi juu. Kwa hiyo hata hapo mwenye mali ndiye aliyeamua kutulia.

Lakini nijibuni hili. Mwaka 2024 Kenya Airways ilipata faida ya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya miaka 11, shilingi nayo ikiwa imepata nguvu, hivyo madeni ya dola yakapungua uzito. Tukampongeza Kilavuka. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi hasara ya bilioni 12 na zaidi: Dreamliner 3 kati ya 9 zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa injini na vipuri. Mkurugenzi alikuwa Kilavuka yuleyule. Sasa ile faida ilikuwa yake, au ya shilingi?